Pima Kumi na Moja

Kule Barani, Malindi, miaka ya themanini, kila mtu alikuwa na lake la kujigambia. Mwenye redio alijigamba kwa redio, mwenye paa la bati akajigamba kwa bati, na aliyekosa vyote viwili akakwambia habari za babu yake. Batuli binti Mahadhi, ambaye ndui ilimpofua macho akiwa na miaka mitano, hakuwa na redio wala bati. Yeye alijigamba kwa kamba. Na alikuwa na haki, kwa sababu kamba aliyoisokota Batuli ungemtungika nyangumi nayo, ikakuuliza kama huna kitu kizito zaidi.

Watu wanaonunua kamba dukani hudhani kamba huota kama majani. Jaribu basi kuifanya. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mchanga wa pwani, pale maji yanapojaa na kupwa, yakakaa miezi mitano yaoze. Halafu hufukuliwa, yakapondwa kwa kigongo mpaka nyama yote itoke, ubaki uzi wake, ndio usumba. Usumba huoshwa, ukaanikwa, kisha ukasokotwa kwa viganja, nyuzi mbili zikikumbatiana kama maharusi. Na uvundo wake, ewe Mola! Batuli alifukia makumbi yake ufukoni Shella, hapo hapo Malindi, na siku moja alipokuwa akifukua, askari wa hoteli akamjia mbio, eti wageni wanalala juani na pua zao zimeshindwa.

"Mama, hii harufu ya nini?"

"Ya kazi," Batuli akamjibu bila kuinua kichwa. "Wewe huijui?"

Askari akarudi alikotoka.

Lakini kamba ya Batuli pale Barani haikuwa ya kufungia mbuzi. Ilikuwa njia yake. Ilianza kwenye nguzo ya mlango wao, ikapita kwenye mwarobaini, ikagusa choo, ikaenda mpaka jikoni kwa jirani, ikaishia kisimani. Batuli aliishika kwa mkono wa kushoto, ndoo mkono wa kulia, akaenda zake kwa madaha kama bwana harusi. Kila mahali pa maana alipiga mafundo. Fundo moja, chooni hapa. Mawili, inama, tawi la mwarobaini hilo. Matatu, kwa jirani. Manne, simama, ukiongeza hatua moja utaonana na malaika.

Jirani mwenyewe alikuwa Kahonzi, mwanamke wa Kigiriama aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga. Siku ya kwanza alipoiona kamba imepita mbele ya jiko lake alisema moyoni, hawa wakimbizi wana adabu, wamenifungia kamba ya nguo. Akaanika hando lake, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, limelowa chepechepe. Batuli akaja na ndoo yake, mbio mbio, akalipokea usoni.

"Nani kanipiga kofi la maji?"

"Si mtu, ni hando langu," Kahonzi akamwambia kutoka jikoni, akicheka. "Nalo halioni, kama wewe."

Watu waliokuwa karibu wakasogea, wakingojea ugomvi. Batuli akalivua lile hando kambani, akalikamua, akalikunja vizuri, akalitupa kule ilikotoka sauti. Likampata Kahonzi puani, pwaa!

"Sasa tumeonana," Batuli akasema.

Toka siku hiyo wakawa mashoga.

Hao wakimbizi aliowasema Kahonzi walikuwa watu wa kaskazini, wa vijiji vya bara vinavyotazamana na visiwa. Miaka ya sitini, vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, vilipowafikia, waliacha mahindi shambani na ng'ombe zizini wakashuka Malindi na walichoweza kubeba. Batuli alibebwa na mdogo wake, Jaafar. Miaka ishirini na zaidi ilikuwa imepita. Watoto walizaliwa Malindi, wakaota meno Malindi na kuyang'oa Malindi, wana vipande, vitambulisho vya Kenya, mfukoni, na bado waliitwa wakimbizi. Jina likishakupata halina mlango wa kutokea.

Kule kijijini kwao Batuli hakuhitaji kamba. Alikijua kijiji kwa nyayo zake, kila jiwe na kila mzizi. Walipofika Barani, mguu ulikutana na ardhi isiyomjua. Mwaka mzima alikaa kizingitini, na kila alipotaka kitu, maji, choo, au kivuli tu jua likimfuata, aliita, "Nani yupo?" Akangoja. Wakati mwingine hapakuwa na mtu. Alilichukia neno lile kuliko giza lenyewe. Mwaka wa pili akaomba makumbi, akasokota njia yake, na hakusema tena "Nani yupo?" kwa miaka ishirini. Hilo ndilo lililokuwa fahari yake. Kamba ilikuwa ushahidi tu.

Basi mwaka wa themanini na sita mwenye ardhi ya Barani akasema ardhi yake anaitaka. Wakimbizi walikuwa na kamati yao, na kamati ikahangaika, ikaandika barua na kuzipeleka yenyewe, hadi familia kumi na mbili zikapata vishamba huko Tezo, kaskazini ya mji wa Kilifi. Wavuvi na wachuuzi walioshika jembe mara ya mwisho wakiwa vijana sasa waambiwa wakalime. Lakini ni ardhi yako mwenyewe, utaikataa?

Mwenyekiti wa kamati aliitwa Mahdi. Alikuwa na sauti ya kuadhini na roho ya karani. Alikusanya watu uwanjani akiwa na daftari, kurasa amezipiga mistari kwa rula, safu moja ya watu wa kazi na safu ya pili ya wasiojiweza.

"Nyumba ya Jaafar," akasoma. "Watu wa kazi sita. Asiyejiweza mmoja."

"Ni nani huyo?" Batuli akauliza.

Mtu mmoja akakohoa.

"Ni utaratibu tu, Bi Batuli," Mahdi akasema. "Wasiojiweza hawatalimishwa, hawatabebeshwa mizigo. Siku ya safari watakaa mbele na dereva, wasipigwe na jua. Ni heshima hiyo."

"Mimi nachota ndoo nane kila siku. Wewe mwenyekiti wachota ngapi?"

Uwanja mzima ukacheka, na Mahdi naye akacheka, maana hakuwa mtu mbaya. Hiyo ndiyo iliyokuwa taabu ya jambo hili lote, hapakuwa na mtu mbaya. Angekuwapo, Batuli angemtukana akalala usingizi wake.

"Basi nitoe kwenye safu hiyo," akasema.

"Wino umeshakauka, bibi. Lakini sema unalolitaka, kamati itakutimizia inshallah."

"Nataka moja tu. Nyumba ikisimama huko Tezo, mnihesabie hatua toka mlangoni hadi kisimani. Mnisimikie nguzo njia nzima. Kamba nitasokota mwenyewe, hii ya hapa imeshachakaa."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Hilo dogo," Mahdi akasema, akaliandika pembeni kwa penseli.

Na Jaafar, Mungu ampe umri, alilitimiza. Alikwenda Tezo na wanaume wenzake kujenga vibanda, na alipomaliza chake akasimama mlangoni akaanza kutembea kuelekea kisimani, mwendo wa dada yake na si mwendo wake. Kila hatua kumi akatia kokoto mfukoni, asije akapotewa na hesabu. Akasimika nguzo kumi na mbili. Aliporudi Barani hakusema neno, alimfungua Batuli kiganja akammiminia zile kokoto. Batuli akazihesabu kwa kidole. Ishirini na nne.

"Hatua mia mbili na arobaini," Jaafar akasema. "Nilihesabu mara mbili. Wenzangu wananiuliza nachezea nini huko njiani."

Batuli akazifunga zile kokoto kwenye pindo la leso yake, akakaa akipiga hesabu ya fundi. Pima moja ni mikono miwili iliyonyooshwa, toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Njia yataka pima mia. Za kuzungushia nguzo, pima nne. Mia na nne. Makumbi yalikuwa tayari mchangani Shella tangu Agosti, maana fundi hangoji kuambiwa. Kahonzi akamshika mkono wakaenda kuyafukua, wakaponda, wakaosha, na hotelini hakutoka askari safari hii. Kisha Batuli akakaa chini akasokota, toka Februari mpaka Aprili, vidole vikipasuka na kupona na kupasuka tena. Iliyotoka ilikuwa kamba moja, nzima, haina kiungo, mafundo kila mahali pake kama Jaafar alivyomweleza njia.

Siku ya mwisho Kahonzi alikuja na sinia la mihogo.

"Shoga, na huko Tezo nani atakuletea uongo wa mjini?"

"Utakuja kuuleta."

"Nitakuja, Mulungu akipenda. Lakini mimi na safari, wanijua. Lete ncha ya kamba." Akachana pindo la leso yake, akalifunga kwenye ncha ile ya upande wa kisimani. "Ukilishika hili, ujue umefika. Usiendelee kwenda mbele, nisije nikaletewa habari ya msiba na mihogo iko motoni."

Batuli akalipapasa. "Leso yenyewe mbovu," akasema.

"Ndiyo maana nimekupa."

Wakacheka, kisha hawakucheka tena.

Lori lilifika asubuhi, la dereva mmoja aitwaye Dzombo, na mizigo ya familia tatu ikaanza kupandishwa. Vitanda, sufuria, majembe mapya, magunia ya unga, kuku waliofungwa miguu wakilaani kila mtu. Batuli alikuwa amelikalia robota la kamba yake. Wifi yake, Zuleikha, mke wa Jaafar, mwanamke mwepesi kama moto wa makuti, akamshika kwapani.

"Wifi, nyanyuka. Mwenyekiti kasema wewe mbele na dereva."

"Nipe kamba yangu niipakate."

"Robota lote hilo? Litakuumiza mapaja. Mimi nitakuwa nyuma, nitaliangalia."

"Uliangalie kweli."

"Wifi! Kwani mimi mtoto?"

Batuli akapandishwa mbele, mlango ukapigwa kwa nguvu. Alisikia zogo kule nyuma, kelele za "vuta, vuta", kitu kikakatika, watu wakapiga yowe, Mahdi akaamrisha, kimya, halafu "vuta" tena. Mizigo ina kelele zake. Hakushuku kitu. Lori likaondoka, na Kahonzi akalifuata kwa sauti mpaka sauti ikaisha.

Dzombo alikuwa msemaji. Walipopita Gede alikuwa ameshamaliza habari za wake zake wawili, na walipoingia kwenye ubaridi wa msitu akaanza kusifu mzigo.

"Mzigo umetulia, mama. Wauona? Aa, niwie radhi. Wausikia? Kimya kama maiti. Ni ile kamba. Aliyeisokota hodari kweli."

"Kamba gani?"

"Iliyofungia mzigo. Zetu za katani zilikatika mara mbili tulipokuwa twapakia, vitanda vikataka kutuangukia. Mwenyekiti wenu akapiga kelele, hakuna kamba ya maana hapa? Ndugu yako akaleta hiyo. Ndefu, mama! Tumeuzungusha mzigo mara nane. Ila ilikuwa na mafundo mafundo, sijui mtoto gani aliichezea. Nikayafungua yote."

Mkono wa kushoto wa Batuli ukawa unafumba na kufumbua gotini, kama unaotafuta kitu.

"Baba, simamisha gari."

"Haja, mama?"

"Kamba ile yangu."

"Basi ipo! Haiendi popote. Iko juu, itafika kabla yetu sisi." Dzombo akacheka mzaha wake.

"Nimekwambia simamisha."

"Mama yangu, gari hili nikilizima hapa msituni halitawaka tena mpaka kesho. Na tazama wingu lile. Aa, niwie radhi. Kuna wingu."

Batuli akajituliza kwa hesabu. Mafundo si kitu, mafundo hupigwa upya. Kamba ni nzima, imefungwa tu, kikifungwa kitu hufunguliwa. Akazishika kokoto zake pindoni, akazihesabu mpaka ishirini na nne. Ndipo tone la kwanza likapiga kioo, la pili, na mara mvua ya masika ikamwagika juu ya paa la lori kama magunia ya choroko.

Hapo akaliachia pindo la kokoto. Kwa maana watu wote nyuma ya lori lile walijua kuitumia kamba, lakini mmoja tu alijua kamba ni nini, naye alikuwa amekalishwa mbele kwa heshima. Kamba ya makumbi ikinywa maji huvimba. Fundo ulilolikaza likiwa kavu, likishalowa, hata shetani mwenye kucha hawezi kulifungua. Dawa yake ni moja, kungoja jua.

"Baba, nisikilize. Tukifika, waambie wasikate. Wangoje ikauke."

"Nitawaambia, mama."

"Waambie hivyo hivyo. Wasikate."

"Nimeshasikia."

Na aliwaambia, dereva wa watu. Lori lilipoacha barabara likafuata njia ya udongo hadi vishambani, Dzombo aliruka chini akapaza sauti, "Mama kasema msikate kamba!" Mtu akauliza, "Mama yupi?" Akajibu, "Wa mbele." Lakini mvua ilikuwa inamwagika, watoto wanalia juu ya mizigo, na Dzombo huyo huyo alikuwa ameshaitazama njia ya udongo inavyogeuka uji. "Ila fanyeni haraka," akaongeza, "nikikwama hapa mtanilisha nyie."

"Fundo halifunguki!" sauti ya Jaafar ikasema.

"Unga unalowa!" sauti ya Zuleikha.

"Kata!" sauti ya Mahdi.

Batuli akatafuta kitasa cha mlango. Mlango wa upande wake ulikuwa wa kufunguliwa kwa nje tu, kama malori mengi ya wakati ule. Akapapasa juu, akapapasa chini, akapiga kioo kwa kiganja.

"Jaafar! Jaafar, usikate! Jaafar!"

Mvua ilikuwa juu ya paa, nani amsikie? Yeye ndiye aliyesikia. Panga likipiga kamba iliyolazwa juu ya mbao hutoa sauti yake, ko, fupi, kama mtu anayebisha hodi. Ko. Akahesabu, hakutaka, lakini kuhesabu ndiyo desturi yake. Ko. Ko. Alipofika kumi alidhani wamekwisha. Likaja la kumi na moja.

Baada ya muda mlango ukafunguliwa.

"Dada, tumefika, karibu kwenu," Jaafar akasema kwa furaha, anahema, maji yanamtiririka. Akamgeuzia mgongo apande, asikanyage matope, kama alivyombeba enzi zile. Alikwenda hatua chache. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Dada, ile kamba..."

"Najua."

"Unga ulikuwa unalowa."

"Najua."

"Haikufunguka, wallahi nilijaribu kwa meno."

"Nimekwambia najua, Jaafar. Nishushe."

"Nikushushe wapi? Kote matope."

Akambeba mpaka ndani.

Jua lilipotoka, Jaafar aliokota vipande vyote kumi na viwili, akavikausha, akamletea, akaketi mbele yake kama mtoto aliyevunja mtungi. Batuli hakumgombeza. Alivipima kimoja kimoja kwa mikono yake. Sasa wewe utasema, si aviunge kwa mafundo? Angeviunga hivyo, mwenye macho angependezwa. Lakini kwake fundo ni neno, na kamba yenye mafundo yasiyo maana ni kama mtu mwenye wazimu anayekuelekeza njia. Kiungo cha fundi hufumuliwa ncha mbili, nyuzi zikaingizwa ndani ya nyuzi zikasokotwa upya, na huwezi kukisikia kwa kidole. Uzuri wake huo. Ubaya wake ni kwamba kila kiungo hula pima nzima.

Alifanya kazi siku tisa, akaunga, akapiga na mafundo yake upya. Siku ya kumi Jaafar akamfungia kamba nguzo kwa nguzo mpaka ilipoishia, na Batuli akachukua ndoo yake akashika njia.

Watu walisimamisha majembe kumtazama. Alikwenda vizuri. Fundo moja, choo. Mawili, kisiki, kata kushoto. Kiuno kimenyooka, ndoo inapigapiga mguuni, na mbele yake akaanza kuzisikia sauti za wanawake kisimani, mtu anasema jambo, wenzake wanacheka, ndoo inagonga ukuta wa kisima ikizama. Kicheko cha Zuleikha kilikuwamo. Batuli akatabasamu, hesabu ya pima ikamtoka kichwani, akaongeza mwendo apate kuwapo kwenye mazungumzo. Ndipo mkono wake ukashika kitambaa. Leso ya Kahonzi. Umefika, ilisema leso.

Maji yalikuwa bado mbali. Pima kumi na moja, kila kiungo na yake.

Akasimama na ncha ya kamba mkononi katikati ya shamba la watu. Akanyoosha mguu mmoja mbele, akakuta tuta. Kushoto, tuta. Akaurudisha.

"Wifi!" Zuleikha akapiga ukelele. "Simama hapo hapo! Usisogee! Kisima hakina ukingo upande huo!" Akaja mbio, akamnyang'anya ndoo. "Kwa nini unajisumbua nami nipo? Ukitaka maji niambie. Usinifanye nikose usingizi."

Alisema kweli, na alisema kwa mapenzi.

Batuli aliomba makumbi. Minazi ipo tele, akaambiwa, makumbi utapata. Na pwani ya kuyafukia? Pwani ipo pia, mwendo wa saa nzima, miamba mitupu. Nani atampeleka kufukia, nani kufukua, nani kuponda? Ni wakati wa kupanda. Kahonzi hakuwapo. "Inshallah baada ya mavuno," wakasema, na baada ya mavuno kuna palizi nyingine.

Jaafar alikwenda Kilifi akaleta kamba ya katani, pima kumi na moja kamili, akaifunga na leso. Na siku hiyo Batuli alifika. Alifika mwenyewe, akateremsha ndoo, akachota, akawaambia wanawake walioduwaa, "Mnatazama nini? Endeleeni na umbeya wenu, nami nina wa Malindi." Alikwenda na kurudi mara nane. Usiku ule Jaafar alimsikia akiimba.

Siku ya tatu akaenda, akashika leso, na baada ya leso hapakuwa na kitu.

"Nani kachukua kamba?"

"Ah, Bi Batuli," ikaja sauti ya Mahdi kutoka shambani, imejaa uungwana. "Yule maksai wa kamati kakata kamba yake jana, kala mahindi ya nyumba mbili. Tukaona hii iko tu hapa. Ni ng'ombe wa wote."

"Na njia yangu?"

"Wewe pia ni wetu sote, bibi. Kila mtu hapa yuko radhi kukuchotea. Uliza yeyote."

Jaafar akaleta nyingine. Ikafungiwa kuni. Akaleta ya nailoni, ya buluu, akapiga marufuku mtu kuigusa, na mvua ya kwanza yenye upepo ilipong'oa paa la mama mmoja mwenye watoto wachanga, ni Jaafar mwenyewe aliyeifungua akaenda kufunga paa. Ungefanya nini wewe? Kamba nzuri haikosi kazi. Nguzo nazo zikaanza kwenda, moja ikawa mwimo wa mlango, moja mpini wa jembe. Ile ya Batuli mwenyewe, ya usumba, ikalegea chini, kuku wakaivuka, magugu yakaipita, mwisho wake hakuna aliyejua imekwenda wapi. Lile pindo la leso Zuleikha aliliokota akalifua akampa.

Mwaka uliofuata walikuja maafisa wa ustawi wa jamii kuangalia wakimbizi wa Tezo wanavyoishi. Mahdi akawazungusha, akawaonyesha mahindi, akawaonyesha maksai, na alipofika kwa Jaafar akasimama kwa fahari mbele ya Batuli aliyekaa kizingitini, amevishwa kanga mpya.

"Na wasiojiweza wetu tunawatunza," akasema. "Huyu hainui hata kikombe."

Maafisa wakafurahi sana, wakaandika. Mmoja akainama akamsalimu, "Shikamoo mama." Batuli akaitikia marahaba. Akataka kusema jambo, akafungua kinywa, lakini viatu vilikuwa vimeshaondoka.

Hivyo anakaa pale. Kokoto ishirini na nne zimo pindoni mwa leso yake bado, na viganja vyake husuguana mapajani bila kitu ndani, vikisokota hewa. Jua likimfikia miguuni hungoja kidogo, labda atapita mtu. Kisha huinua uso.

"Nani yupo?"

Siku nyingi huwapo mtu, na huja mbio. Siku nyingine ni kuku tu.